Yule wa Chumba cha Pasi

Mtunza kumbukumbu wa hospitali ya wagonjwa wa akili aliliweka jalada mezani, akalipuliza vumbi kuelekea dirishani ili lisimwangukie mgeni, kisha akasimama palepale.

"Ndilo hilo, Afande. Lilikuwa kwenye kabati la waliofia humu. Tangu lifungwe hakuna aliyeliulizia."

"Siko polisi tena," mpelelezi akasema, akivaa miwani.

"Afande haachi kuwa afande. Hata akistaafu, ukikaa mbele yake unajiona kama umeiba kitu."

"Umeiba?"

"Bado."

Mpelelezi hakucheka, lakini alimsogezea kiti. Mtunza kumbukumbu akakaa.

Aliyemwajiri mpelelezi alikuwa upande wake wa kushoto, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Alifundisha sekondari, na ukoo mzima walimwita Mwalimu, mpaka mama yake mzazi. Mtu waliyekuja kumtafuta alikuwa babu yake, baba wa mama yake. Nyumbani kwao mtu huyo hakuwa na jina. Alikuwa Yule tu. Yule aliyemuua kaka yake kwa sumu. Yule aliyerukwa na akili. Katika picha ya familia iliyotundikwa sebuleni alikuwa ameondolewa kwa mkasi, na begani kwa kaka mkubwa ulibaki mkono usio na mwenyewe.

Sasa makaburi ya hospitali yalikuwa yanahamishwa kupisha barabara. Kila kaburi lilikuwa na kigingi chenye namba. Kigingi ambacho ndugu wasingekidai kabla ofisi ya manispaa haijafungwa jioni hiyo, mifupa iliyo chini yake ingewekwa shimo moja na mingine yote. Sheria ilitaka sahihi ya mkuu wa familia. Mkuu wa familia alikuwa mdogo wa mwisho wa Yule, mzee anayekaribia themanini, na alikwisha kukataa mara mbili.

"Mama yangu hatoki tena kitandani," Mwalimu alikuwa amemweleza mpelelezi siku ya kwanza. "Ameniambia neno moja. Kama baba yake atatupwa shimoni, naye tumtupe humohumo."

"Nikikuta aliua, nitakuambia aliua."

"Niambie. Mama anaweza kumzika muuaji. Hawezi kuzikwa mbali naye bila kujua ni kwa nini."

Mpelelezi alifungua jalada. Juu kulikuwa na nakala ya ripoti ya polisi, iliyoletwa pamoja na mgonjwa siku alipopokewa. Aliisoma mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, bila kupandisha wala kushusha.

Mama wa ndugu hao alikuwa dobi. Alifulia hoteli mbili na wateja wa mtaani, akisaidiwa na wanawe. Usiku wa tukio wanawe wawili wakubwa walilala katika chumba cha kupigia pasi. Alfajiri kaka mkubwa alikutwa amekufa kwenye mkeka. Wa pili, yaani Yule, alikutwa kizingitini anatapika. Jioni yake walikuwa wamegombana: Yule alitaka kuacha udobi akatafute kazi kwingine, kaka akamwambia atapita juu ya maiti yake. Baada ya ugomvi, Yule ndiye aliyepika chai wakanywa. Kwenye rafu palikuwa na chupa ya dawa ya kung'arishia nguo, kifuniko kimelegea. Mama ndiye aliyewaeleza polisi hayo yote.

"Basi ndiyo hiyo," Mwalimu alisema polepole. "Ugomvi, chai, dawa. Ndivyo Babu, huyo mdogo wake, anavyosimulia, neno kwa neno."

"Dawa ile imewahi kukudondokea mkononi?"

"Ndiyo. Inababua."

"Inababua mkono. Ulimi je?" Mpelelezi alifunua ukurasa. "Uchunguzi wa maiti. 'Kinywa, ulimi na koo havina jeraha lolote. Tumbo halina harufu ya dawa.'"

"Kwa hiyo hakumpa sumu."

"Kwa hiyo hakumpa dawa hiyo. Usitangulie mbele ya jalada, Mwalimu. Daktari anaendelea. 'Midomo na kucha ni nyekundu kupita kawaida. Damu ni nyekundu ya kung'aa. Sababu ya kifo: sumu isiyojulikana.'"

Alisimama kwenye mstari huo, akauwekea kidole, akaendelea kusoma kidole kikiwa palepale.

Maelezo ya kwanza ya Yule yaliandikwa siku mbili baada ya kifo. Yalikuwa maelezo ya mtu mwenye akili zake. Alieleza ugomvi bila kuuficha. Alisema kaka alilala upande wa ndani, yeye akalala mlangoni. Aliamka kichwa kikimgonga, akajaribu kusimama, miguu ikakataa, akajiburuta kwa viwiko mpaka nje. Alisema chai walikunywa wote wawili kutoka birika moja. Polisi hawakuwa na la kumshikia, wakamwachia.

Maelezo ya pili yaliandikwa wiki chache baadaye. Safari hii mama yake mwenyewe ndiye aliyempeleka kituoni.

"'Swali: Wewe ndiye uliyemuua kaka yako? Jibu: Ndiyo,'" mpelelezi akasoma. "'Swali: Kwa sumu? Jibu: Ndiyo. Swali: Ulitia sumu gani? Jibu: Ndiyo. Swali: Uliinunua wapi? Jibu: Ndiyo.'"

Mtunza kumbukumbu alikuna kidevu. "Huyo hakuwa anajibu maswali."

"Alikuwa anajibu sauti. Na kuna mtu aliyeligundua hilo." Mpelelezi akageuza karatasi ndogo iliyopigwa pini pembeni, mwandiko wa askari wa mahabusu. "'Mshtakiwa hukubali lolote aambiwalo. Leo nimemuuliza kama yeye ndiye aliyeiba baiskeli ya mkuu wa gereza. Amesema ndiyo. Baiskeli iliibwa kabla hajaletwa hapa.'"

Mtunza kumbukumbu alianza kucheka, akamwona Mwalimu, akaacha.

"Hakimu alikiona hiki kikaratasi?" Mwalimu aliuliza.

"Hukumu haikitaji. Hakimu aliona mtu anayejikojolea kizimbani, akaamuru aletwe hapa mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Hakuna aliyeamua vinginevyo."

Kurasa zilizobaki zilikuwa za wauguzi. Mgonjwa hana fujo. Mgonjwa hutembea kwa hatua fupifupi, kama anayeogopa kuteleza. Mgonjwa hukaa mlangoni. Akihamishwa ndani hulia. Mwalimu alivuta ukurasa mmoja mwenyewe, akausoma, mkono ukabaki juu yake.

"'Anasema ana mtoto wa kike. Jina la mtoto halijui.'" Akamgeukia mpelelezi. "Mama alisubiri barua. Mpaka anaolewa alikuwa anamsubiri tarishi."

"Asingeweza kuandika jina asilolikumbuka."

"Naelewa. Sema tu mengine polepole."

Mpelelezi alifikiri juu ya ombi hilo, akaona halimzuii kazi. "Sawa," akasema. Akachukua simu, akatoka ukumbini.

Aliyempigia alikuwa daktari wa maiti waliyefanya naye kazi miaka mingi. Kituoni walimwita Daktari Kimya, kwa kuwa wagonjwa wake hawalalamiki.

"Kucha nyekundu," mpelelezi akasema, bila salamu. "Midomo nyekundu. Damu ya kung'aa. Hana jeraha, kinywa ni kizima. Amefia usingizini."

"Na wewe hujambo," sauti ikajibu. "Chumba kilikuwa na moto?"

"Pasi za mkaa. Hazikuwa na moto usiku huo, kwa mujibu wa polisi."

"Kwa mujibu wa kucha zake, moto ulikuwepo. Hewa ya mkaa hiyo. Haina harufu, haina rangi, inamchukua mtu kama usingizi. Alilala na nani?"

"Na mdogo wake. Aliyelala mlangoni. Akapona, akawa mzima kwa muda. Halafu akaharibika akili: kusahau, kujikojolea, hatua fupi, ndiyo kwa kila neno."

"Baada ya wiki ngapi?"

"Mbili au tatu."

"Ndivyo inavyofanya kwa baadhi yao. Mtu anasimama, anakula, anaongea, ndugu wanashukuru Mungu. Halafu ubongo unazimika, taa moja baada ya nyingine. Nimewaona wawili. Siku hizo nani angejua? Wangesema dhamiri imemsuta."

"Ndivyo walivyosema."

"Basi una wahanga wawili na huna muuaji. Hongera."

"Sina. Ripoti inasema mlango wazi, madirisha wazi, hakuna jiko, hakuna moto."

"Ahaa." Daktari Kimya alikohoa. "Kama chumba kilikuwa wazi, nadharia yangu imekufa. Nayo sitaipasua, leo nina foleni."

Mpelelezi alirudi mezani, akafungua tena ripoti ya polisi, mahali pa mwanzo kabisa. Askari aliyeiandika alikuwa mtu wa kuorodhesha. Alichora chumba: kuta nne, madirisha mawili madogo, mlango mmoja. Akaandika kila alichokiona. Meza ya pasi. Pasi tatu, zimepoa. Mkeka. Birika. Kamba sita kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mwalimu, mvua ikinyesha siku tatu bila kukatika, nguo zako zinakauka lini?"

"Hazikauki. Zinanuka."

"Shuka nzito za hoteli je, zimejazana kwenye chumba chenye madirisha mawili madogo?"

"Hizo ndiyo kabisa. Utazifua upya."

Mpelelezi alimgeuzia ripoti. Mwanzoni askari aliomba radhi kwa kuchelewa: mvua haikuwa imepumzika tangu juzi yake, na njia ilikuwa tope mpaka magotini. Chini, kwenye orodha, aliandika kwamba kamba zote sita zilikuwa na shuka, na shuka zote zilikuwa kavu.

Mwalimu alisoma mistari miwili hiyo, akarudia. Mtunza kumbukumbu alinyanyuka kitini ili naye aone.

"Kuna kitu kilichozikausha," Mwalimu akasema.

"Na kuna mtu aliyekitoa kabla askari hajafika. Huyo babu yako mdogo alikuwa na miaka mingapi wakati huo?"

"Tisa. Kumi hajafika. Unataka kwenda kwake?"

"Nataka kumuuliza kazi ya udobi. Habari za Yule usiziguse mpaka nimalize."

"Atakuchosha. Juu ya udobi anaweza kuongea mpaka kuku walale."

"Hatuna muda wa mpaka kuku walale," mpelelezi akasema, akifunga jalada. "Ofisi inafungwa saa kumi na moja."

*

Mzee bado aliishi katika nyumba ileile. Udobi ulikuwa umekufa zamani, umeuawa na mashine, lakini yeye alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama kisu. Aliwapokea barazani kwenye kiti cha kamba, fimbo kati ya magoti.

"Mke wangu!" alimwita Mwalimu. "Mwezi mzima hujanipikia, na leo umekuja na mke mwenza?"

"Shikamoo Babu. Huyu si mke mwenza, huyu anakuzidi ukali."

"Marahaba. Mkali ndiye namtaka, wapole wamenifilisi." Akamtazama mpelelezi kutoka viatu hadi miwani. "Na wewe binti, kama umeletwa kwa habari za Yule, mlango ni uleule mlioingilia."

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuuliza kazi. Nimeambiwa hakuna anayejua udobi wa pasi za mkaa kukushinda wewe."

"Aliyekuambia hilo hakukosea." Aliinuka kwa fimbo. "Njoo uone mwenyewe. Siku hizi mnavaa nguo kama zimetafunwa na ng'ombe."

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya nyumba, na sasa kilihifadhi viti vibovu na magunia. Mpelelezi alisimama mlangoni kabla ya kuingia. Aliulinganisha mchoro wa askari na alichokiona. Meza ya pasi, ya mawe, ilikuwepo. Ndoano za kamba zilikuwepo, sita kila upande. Kuta hazikuwa nne. Ukuta uliotazama ua ulikuwa umevunjwa kuanzia kiunoni kwenda juu, wote, kutoka pembe hadi pembe, na pale juu pakawa wazi kama baraza. Tofali za ukingoni hazikuwa zimesawazishwa. Aliyeuvunja alikuwa na haraka.

Mzee alikuwa tayari ameanza. Alieleza wanga unavyochemshwa na kuchujwa, alama za uzi zinavyoshonwa kwenye kola ili nguo ya mteja isipotee, pasi inavyopimwa joto kwa tone la maji. Mpelelezi alimwacha. Mwalimu aliangalia saa ya mkononi, akaificha chini ya mkoba.

"Na mvua je?" mpelelezi akauliza. "Hoteli haisubiri jua."

"Hapo ndipo mama alipowashinda madobi wa mji mzima!" Mzee alipiga fimbo sakafuni. "Wenzetu walirudisha shuka zina ukungu. Sisi tulirudisha kavu. Unaona ndoano? Shuka unazitundika pande zote. Hapa katikati unaweka majiko ya mkaa, matatu, mvua ikizidi manne. Mkaa uwe umekolea, usiwe na moshi, maana moshi unachafua. Halafu unafunga. Hewa ya maji isiingie, joto lisitoke. Kaka zangu walikuwa wanalala humu, wazigeuze shuka kwa zamu."

"Mnafunga mlango?"

"Mlango, madirisha, na nyufa. Hiyo ndiyo siri, binti. Nyufa! Hiyo ilikuwa kazi yangu, maana nilikuwa na vidole vidogo. Nilisokomeza matambara kwenye kila ufa. Mama alikuwa anapitisha mshumaa ukutani. Mwali ukitikisika, naambiwa rudia."

"Na usiku aliokufa kaka yako, mwali ulitikisika?"

Mzee alimtazama. Fimbo ilikuwa imeinuka kidogo, ikashuka.

"Nilikwambia mlango ni uleule."

"Hujanijibu."

"Haukutikisika. Nilipewa andazi kwa kazi nzuri. Sasa andazi hilo linakuhusu nini?"

Mpelelezi aliketi juu ya gunia, ili macho yao yawe sawa, akamweleza. Hakuremba. Alimweleza kucha na damu. Alimweleza kinywa kisicho na jeraha. Alimweleza hewa ya mkaa inavyomaliza chumba kilichozibwa, inavyomchukua kwanza aliyelala ndani, inavyomwacha nusu aliyelala mlangoni. Alimweleza wiki za uzima na giza linalofuata. Alimsomea maswali na majibu ya maelezo ya pili, yote, na baiskeli ya mkuu wa gereza. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza redio yenye kukwaruza.

"Yule alikiri," hatimaye akasema.

"Angekiri hata kuzama kwa meli."

"Alimtilia sumu."

"Birika lilikuwa moja, wamekunywa wote. Na sumu daktari aliiona, mzee, hilo hakukosea. Hakuuliza tu ilitoka wapi."

"Unasema nani aliua, basi?"

"Nasema ni mkaa."

"Mkaa hauna mikono!" Sauti ya mzee iligonga ukuta uliobaki. "Mkaa haujiwashi. Haujifungii ndani. Mimi ndiye niliyeziba, umenisikia? Vidole vyangu hivi. Unanieleza nini, binti? Kwamba miaka yote hii nimemtukana mtu kwa kazi niliyoifanya mimi?"

"Babu," Mwalimu akasema, "ulikuwa mtoto. Ulitumwa."

"Usiniokoe, mjukuu wangu. Ngoja kwanza."

Alijikongoja mpaka kwenye nusu ukuta, akaweka mkono juu ya tofali za ukingoni. Akakaa hivyo. Uani kuku walikuwa wanachakura majivu ya zamani. Mpelelezi alimpa muda ule anaompa shahidi yeyote, wala hakuuongeza.

"Nina maswali mawili," akasema. "Asubuhi ile nani aliingia humu kwanza?"

"Mama. Alikuta mlango wazi, Yule amelala kizingitini katika matapishi yake. Akafungua madirisha yote. Akaniita tutoe majiko. Nilimwaga mkaa palepale walipo kuku. Akaniambia, ukiulizwa, hakukuwa na moto. Hoteli wakisikia mtu amekufa kwenye shuka zao, tutakula nini?" Alipangusa kinywa kwa kiganja. "Nikasema hakukuwa na moto. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni kazi, kama kazi nyingine."

"Ukuta huu nani aliuvunja?"

Mzee alipapasa tofali la ukingoni.

"Mama alileta fundi," akasema. "Machozi hayajakauka. Nikamuuliza mvua ikija tutakausha vipi? Akasema hatutakausha. Kazi ya hoteli yenyewe ikaisha msimu uleule, zile shuka alizozilinda kwa ulimi wangu." Aligeuka. "Alijua."

"Alijua kulikuwa na moto na akauficha. Hilo nina ushahidi nalo, ni wewe. Kama alijua moto ndio ulioua, na bado akampeleka mwanawe kituoni, jalada halisemi. Ukuta unasema, lakini ukuta siwezi kuuapisha."

"Mimi naweza. Alikuwa amebakiwa na wawili. Mmoja ameharibika, mmoja mzima. Akachagua wa kubebeshwa lawama." Alirudi taratibu, akakaa juu ya meza ya mawe, miguu haigusi chini. "Siku waliyomchukua, Yule alinitazama machoni. Akaniuliza, wewe mtoto wa nani? Mimi, ambaye alikuwa ananibeba mgongoni kwenda kuchota maji. Nikaona ananikana. Nimemchukia kwa swali hilo kuliko hata kwa kaka. Ile picha niliikata mimi, nina miaka kumi na tano." Akamgeukia mpelelezi. "Alikuwa anauliza kweli?"

"Wauguzi wameandika kwamba hakulijua jina la mtoto wake. Alikuwa anauliza kweli."

Mzee alitikisa kichwa mara kadhaa, bila kukubali wala kukataa kitu.

Mwalimu alitoa fomu mkobani, akaiweka juu ya meza, mbali kidogo naye, kama anayemwekea mtoto dawa. "Babu, kigingi chake kipo bado. Tumekwenda kukiona. Kesho wanaanza kuchimba."

"Mnataka kumleta kwenye kiwanja chetu cha makaburi."

"Ndiyo."

"Kiwanja chetu kimebakiwa na nafasi mbili tu. Mama yuko ukutani, kaka anafuata. Halafu yangu, ubavuni kwa kaka. Halafu ya mama yako, mwisho."

"Naijua hesabu hiyo," Mwalimu akasema. "Mama yangu yuko tayari kumwachia baba yake ya kwake. Yeye ataridhika na njia ya miguu, ili mradi iwe jirani naye."

"Mama yako hatalala njiani." Mzee alinyoosha mkono, mpelelezi akampa kalamu. Hakuandika. "Nisikilize vizuri, na wewe binti uandike, kwa kuwa naona unapenda kuandika. Simtaki karibu na mama. Mama ana ukuta wake, unamtosha. Mlazeni ubavuni kwa kaka, kwenye nafasi yangu. Waligombana jioni ile wakalala bila kupatana. Wana muda sasa. Mama yako alale upande wake wa pili, kama alivyotaka."

"Na wewe, Babu?"

"Mimi mtanitafutia pengine. Juu kule mlimani, penye upepo."

Mwalimu alifungua kinywa. Mpelelezi alimgusa kiwiko, naye akakifunga.

Mzee aliivuta fomu mpaka karibu na pua, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, kama alivyosoma orodha za wateja kwa nusu karne. Pale palipoulizwa uhusiano na marehemu aliandika mwenyewe, kaka yangu, kwa herufi kubwa zisizopanda wala kushuka mstari. Akatia sahihi. Akapuliza wino.

"Inafungwa saa ngapi hiyo ofisi yenu?"

"Saa kumi na moja," mpelelezi akasema.

"Basi mnangoja nini hapa? Nitafutieni viatu. Sheria ikitaka mkuu wa familia, watamwona kwa macho."

Mwalimu alikimbilia ndani kutafuta viatu. Mpelelezi alisimama barabarani akapunga mkono, teksi ya kwanza ikapita, ya pili ikasimama. Alimfungulia mzee mlango wa mbele, akaishika fimbo alipokuwa anaingiza mguu wa pili, kisha akamtajia dereva jina la mtaa. Walipofika, karani alikuwa amekwisha kuzima taa za ndani, funguo mkononi, lakini mlango ulikuwa bado wazi.